Uzi: Kumtembelea dada Łódź, Poland, msimu wa Watakatifu Wote. Mambo ya kujua kabla hujapanda ndege

#1 Mzigua wa Handeni (mleta mada)

Wakuu habari zenu.

Nyuzi za Poland humu ndani ni za aina mbili: za vijana wanaosaka kibali cha kazi, na za waliopita Kraków wakapiga picha wakaendelea na safari zao za Berlin. Uzi wa mtu aliyekwenda kwa ndugu zake, akalala kwenye kochi la sebuleni na kutumwa mkate asubuhi, sijauona. Ngoja niuanzishe mimi.

Dada yangu ameolewa Łódź. Jina lisikutishe, tamka "Wuch" utaeleweka. Ukisema "Lodizi" hata mkata tiketi atakutumbulia macho. Walikutana na shemeji kule Nungwi, dada akiwa mapokezi hotelini, jamaa kaja na zile ndege za kukodi zinazowamwaga Wapolandi Zanzibar kila kwao kukiwa na baridi. Sasa wana watoto wawili. Mama yake shemeji, ambaye nyumba nzima wanamwita Babcia, yaani bibi, anakaa ghorofa ya tatu mtaa wa pili kutoka kwao, na ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye kila jambo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mpate cha kubishia: kama una ndugu Poland, achana na kiangazi na miji ya watalii. Nenda mwisho wa Oktoba, na tarehe 1 Novemba ikukute huko. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza viza, maana najua PM zitajaa. Ni Schengen ya kawaida, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, aina C, siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari inayofikia euro 30,000 ni lazima, hiyo haina mjadala. Panapowachanganya watu ni mwaliko. Barua ambayo ndugu kaichapa nyumbani na kutia sahihi ina uzito mdogo. Wenye uzito ni ule unaoitwa zaproszenie, ambao mwenyeji wako anauomba kwenye ofisi ya serikali ya mkoa wake, unaandikwa kwenye fomu yao na kuingizwa kwenye rejista. Ili apewe, lazima aonyeshe kipato na mahali pa kukulaza, na anakubali kubeba gharama zako zote mpaka matibabu, na hata gharama za kukurudisha ukigoma kuondoka. Kwa hiyo unapomwambia shemeji "nifanyie mwaliko", ujue unamwomba akuwekee dhamana. Usimwambie kwa meseji ya kurukia saa tano usiku.

Na mwaliko peke yake hautoshi. Beba barua ya kazi, taarifa ya benki, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, chochote kinachoonyesha una cha kukurudisha Bongo. Mimi nilipeleka cheti changu cha kuzaliwa pamoja na cha dada. Majina ya wazazi yale yale, undugu ukajieleza wenyewe bila maneno mengi.

Zawadi: nyama na maziwa ya aina yoyote usijaribu, ni marufuku kuingiza Ulaya kutoka kwetu. Maembe nayo yanataka cheti cha afya ya mimea. Nanasi, ndizi na nazi zimesamehewa. Kahawa, karafuu, korosho na vitenge vinapita bila maswali. Dada aliagiza dagaa wa Kigoma. Samaki wakavu wa matumizi yako wanaruhusiwa, wakapita. Kilichofuata siku ya kuwakaanga kwenye jengo la ghorofa lenye ngazi moja na majirani wazee, kitahitaji uzi wake.

Nakuja na muendelezo.

#2 Kapteni wa Daladala

Nimeweka kambi. Chai isizidi tu mkuu.

#3 Bi Shangazi

Endelea mwanangu. Mimi binti yangu anasoma Wrocław, kila siku "mama njoo, mama njoo". Baridi ndiyo naiogopa.

#4 Mzigua wa Handeni

Shikamoo Shangazi. Baridi ya mwisho wa Oktoba bado ni ya kistaarabu, koti zuri na viatu visivyopitisha maji vinatosha. Ndani ya nyumba ni joto mpaka unavaa fulana, kwa sababu majengo mengi yanapelekewa maji ya moto kwa mabomba kutoka mitambo ya mji. Kinachochosha ni giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na ikifika tarehe mosi Novemba jua linazama kama saa kumi na robo jioni. Saa kumi na moja ni usiku kamili, watoto ndiyo kwanza wanatoka shule.

Safari yenyewe: unashukia Warsaw, uwanja wa Chopin. Usikubali teksi ya mpaka Łódź, utalia. Kuna treni ya kukutoa uwanjani hadi katikati ya Warsaw, hapo unapanda nyingine mpaka Łódź Fabryczna, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Kituo chenyewe kimechimbwa chini ya ardhi, kilifunguliwa Desemba 2016, kikubwa kuliko abiria wake. Fedha ni zloti, si euro. Usibadilishe zote uwanja wa ndege; mjini kuna maduka ya kubadilishia yanaitwa kantor, bei zao ni za kibinadamu.

Ndani ya mji ni tramu. Tiketi inahesabiwa kwa dakika, na ya karatasi lazima uipige muhuri kwenye kile kimashine mara tu unapopanda. Wakaguzi wanavaa kiraia. Kijana yuko na begi mgongoni na masikio yamezibwa na muziki, mlango ukifungwa anachomoa kitambulisho.

Sasa nyumbani kwa watu.

Mpoland hakupi mkono ukiwa nje na yeye ndani. Mkono juu ya kizingiti wanaona ni mkosi, kwa hiyo atakuacha umeunyoosha mpaka uingie. Ukiingia unavua viatu, na karibu kila nyumba ina ndala za wageni zimepangwa pale pale mlangoni. Za Babcia zilikuwa za manyoya, ndogo kwa miguu yangu, kisigino kinaning'inia nje, na hakuna aliyecheka. Ukipeleka maua yawe idadi isiyogawanyika kwa mbili, na yasiwe krisanthemamu. Hayo ni ya makaburini, yana siku yake.

Mapokezi ya kwanza yatakuvunja moyo kama umezoea kelele zetu za "karibuuu". Babcia alinitazama, akasema dzień dobry, akageuka kuelekea jikoni. Nikamwangalia dada. Dada akasema, "Tulia, ameenda kukupimia chakula." Zikaja: rosół, ile supu ya kuku ya Jumapili yenye tambi nyembamba, mafuta yanaelea juu kama senti za dhahabu, baada yake nyama na viazi vilivyomwagiwa bizari ya majani, kabichi, matango ya kuchachusha, baada yake keki, baada yake chai kwenye glasi na kipande cha limau. Ukisema umeshiba mara ya kwanza hiyo ni adabu tu, haihesabiwi. Mara ya pili anaongeza kijiko. Nadhani ya tatu ndiyo wanaanza kukusikia. Kiswahili hajui, Kiingereza hajui, lakini kila nikinyanyua macho nakuta sahani imejaa.

Mtoto wa dada, mkubwa, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu Kipolandi. Dada anamwita "njoo hapa", yeye anajibu "już idę", yaani nakuja. Mazungumzo ya nyumba nzima yanakwenda hivyo, na mtu hapotei.

#5 Kapteni wa Daladala

Hapo kwa Babcia nimekuamini. Chai imepungua. Sasa hiyo tarehe 1 Novemba kuna nini?

#6 Mzigua wa Handeni

Ni Watakatifu Wote. Wakatoliki wa kwetu wanaijua kama siku ya misa, na kesho yake kuwaombea marehemu. Poland ni sikukuu ya taifa, maduka yanafungwa kwa sheria, na nchi nzima inahama kwenda kwenye makaburi ya wazee wake. Mtu anakaa Gdańsk, baba kazikwa Łódź, atakuja. Barabara zinajaa polisi wa usalama barabarani, mji unaongeza tramu na mabasi maalumu ya makaburini.

Kazi inaanza siku kadhaa kabla. Tulikwenda Doły, alipozikwa mume wa Babcia, na ndoo, brashi, sabuni na chupa za maji. Kaburi ni la marumaru nyeusi, na majani ya miti yaliyolowa yamelala juu yake yameacha alama za kahawia. Shemeji anasugua, mimi namwaga maji, vidole vimekufa ganzi. Babcia kasimama na fimbo anaonyesha: hapo, hapo kwenye herufi. Anatoa kijiti cha meno mfukoni, anatoa udongo kwenye tarakimu za mwaka. Pembeni familia nyingine inafanya hivyo hivyo, wanasalimiana, wanaazimana ndoo. Hakuna anayelia. Wanaulizana habari za watoto na bei ya mkaa.

Siku yenyewe nje ya geti kunakuwa soko. Krisanthemamu za vyungu, nyeupe, njano, zambarau, na milima ya znicze, zile taa za kioo zenye nta ndani na kifuniko juu ili upepo usizime. Mchana unaona watu tu na makoti. Giza likiingia ndipo unaelewa kwa nini nimeandika uzi huu. Kaburi moja lina taa tano, sita, kumi, na makaburi yako maelfu, ardhi yote inang'aa nyekundu na dhahabu mpaka mawingu yanapata rangi, na joto la ile mishumaa unalisikia usoni kwenye baridi. Watoto wanakimbia vichochoroni. Harufu ni ya nta na majani mabichi.

Makaburi yasiyo na mtu nayo hayaachwi. Watu hubeba taa ya ziada wakaiweka kwenye kaburi ambalo hawalijui. Na penye msalaba mkubwa wa katikati wanawasha wale ambao wafu wao wamelala mbali. Babcia alinipa taa, akanisukuma mgongo kuelekea kule. Mzee wangu amezikwa Handeni. Niliiwasha, nikasimama kidogo, niliporudi akanishika mkono na tukaendelea na kaburi la shangazi yake, ambalo nalo lilikuwa na orodha ya kasoro.

Kwa mtalii hiyo siku ni mbaya: kila kitu kimefungwa. Kwa ndugu ndiyo siku ambayo binamu wote wanapita mezani kwa bibi, unatambulishwa kwa wote, na jioni unajua nani hasemeshani na nani.

#7 Mlanda wa Poznań

Mleta mada umesema kweli tupu, mimi nipo huku miaka na bado siku hiyo inanishika. Ila nakupinga kwenye msimu. Kama mtu ana nafasi moja tu, aje Krismasi. Usiku wa tarehe 24, Wigilia, ndio moyo wa familia ya Kipolandi. Mnasubiri nyota ya kwanza, mnavunjiana kipande cha opłatek, ile kaki nyembamba kama ya komunyo, kila mtu anamtakia mwenzake heri ana kwa ana. Vyakula kumi na viwili bila nyama: supu ya bitiruti, samaki aitwaye karp, pierogi (kama sambusa ndogo za kuchemsha) za kabichi na uyoga. Chini ya kitambaa kuna nyasi kavu. Na sahani moja tupu inawekwa kwa mgeni asiyetarajiwa. Sasa wewe mgeni mwenyewe ndiye huyo, unataka nini zaidi?

#8 Mzigua wa Handeni

Mkuu nakuheshimu, lakini Wigilia ni mtihani kwa mgeni wa mara ya kwanza. Ni usiku mmoja mzito, watu wamekaa kwenye viti vyao vya miaka yote, kila mwenye kinyongo anatakiwa asamehe hadharani, na wewe huelewi neno. Novemba una kazi ya mikono. Mpe mgeni ndoo na brashi, ndani ya nusu saa ameshakuwa mtu wa nyumbani. Krismasi uende ukishazoeleka. Halafu nauli ya Desemba unaijua wewe.

#9 Mlanda wa Poznań

Ya nauli nimekubali. Hayo mengine sijakubali.

#10 Chuga Mjini

Wakuu kwenye makaburi hapo mmenigusa. Mnajua kwamba Wapolandi wana makaburi yao hapa Arusha, Tengeru? Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwakamata Wapolandi kwa maelfu wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoivamia Urusi wakaachiwa, wakashuka na jeshi lao mpaka Uajemi mwaka 1942, na Waingereza wakawatawanya wanawake na watoto kwenye makoloni yao. Tengeru peke yake walikaa watu kama 5,000, wengi akina mama na watoto, kwenye vibanda vya duara, na shule zao na kanisa. Kambi nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa, na Uganda kule Masindi na Koja. Vita vilipoisha wengi hawakurudi Poland kwa sababu kwao palishaingizwa Sovieti, wakaenda Uingereza, Kanada, Australia. Makaburi karibu 150 yapo mpaka leo, yamezungushiwa ukuta, pale karibu na chuo cha mifugo. Yanatunzwa vizuri kuliko ya kwetu sisi, niseme ukweli.

#11 Mzigua wa Handeni

Chuga ahsante, maana hilo lilifika mezani kwa Babcia. Shemeji alikuwa hajawahi kulisikia hata siku moja. Babcia habari za Siberia anazo, majirani zake wa utotoni walipelekwa, ila kwamba kuna waliofika Afrika wakalima mahindi chini ya Mlima Meru hakujua. Nilimwonyesha picha za Tengeru kwenye simu. Alivaa miwani akasoma majina kwenye misalaba moja moja kwa sauti. Binamu mmoja akauliza nani anawawashia taa. Shemeji akasema akija tena Tanzania hatashukia Zanzibar moja kwa moja, ataanzia Arusha. Tutaona.

#12 Pemba Yetu

Assalaam alaykum. Swali langu la vitendo. Mimi Muislamu, na nasikia huko nguruwe ndiyo mboga ya taifa. Nitakula nini kwa watu bila kuwavunjia heshima?

#13 Mzigua wa Handeni

Waalaykum salaam. Umesikia sawasawa, iko kila mahali na inajificha. Mwambie mwenyeji kabla hujafika, si mezani. Chakula kipo: samaki, mayai, chapati za viazi, naleśniki, yaani chapati za maji, zenye jibini tamu, supu za uyoga. Pierogi ruskie ndani yake ni viazi na jibini tu, lakini juu wanapenda kumwagia skwarki, vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema "bez skwarek". Supu ya żurek iache, soseji imo ndani. Vibanda vya kebabu viko kila kona ya nchi ile ila ukitaka uhakika wa halali muulize muuzaji. Sala ya magharibi wakati huo, kama nilivyosema, saa kumi na robo.

Na usidhani Uislamu ni mgeni kule. Kuna Watatari wa Kipolandi wameishi nchi hiyo karne kwa karne. Misikiti yao ya mbao ipo vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki, upande wa mashariki karibu na Białystok.

#14 Kapteni wa Daladala

Swali ambalo kila mtu analikwepa. Ubaguzi?

#15 Mzigua wa Handeni

Upo, na sitaki kukupaka mafuta. Utatazamwa, hasa na wazee kwenye tramu, na hawakwepeshi macho ukiwaangalia. Nilikwazwa mara moja, mlevi mmoja kituoni alitoa maneno, dada akamjibu kwa Kipolandi cha mtaani hadi jamaa akahamia upande wa pili. Kingine, tarehe 11 Novemba ni sikukuu yao ya uhuru, na maandamano ya Warsaw siku hiyo huvutia makundi ya wazalendo wenye hasira. Siku hiyo kaa nyumbani ule keki.

Lakini Łódź hiyo hiyo ndiyo iliyomchagua John Godson, mzaliwa wa Nigeria, kuwa diwani, kisha mwaka 2010 akaingia bungeni, mbunge wa kwanza mweusi wa Poland. Mji una pande zote mbili.

Kinachoweza kukuletea ugomvi wa bure kuliko rangi ni mpira. Kuna ŁKS na kuna Widzew. Ni Simba na Yanga, ila ondoa utani. Zote rangi ni nyekundu na nyeupe, kwa hiyo skafu ya kununua barabarani usivae kama hujui umesimama mtaa wa nani. Ukuta wa kila jengo utakuambia.

#16 Bi Shangazi

Na mji wenyewe mwanangu unafananaje? Umetueleza makaburi na chakula tu.

#17 Mzigua wa Handeni

Kweli Shangazi. Ni mji wa viwanda vya nguo. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 palikuwa kijimji, wakaja mafundi wa kusuka, Wajerumani, Wayahudi, Wapolandi, chini ya utawala wa Kirusi, na mpaka vita ya kwanza inaanza pana watu kama nusu milioni. Viwanda vikaendelea hadi Ukomunisti ulipoanguka 1989, kisha vikafa kimoja baada ya kingine. Babcia alisimama kwenye mashine za pamba tangu akiwa msichana. Sikio lake la kushoto limebaki huko.

Mtaa mkuu ni Piotrkowska, zaidi ya kilomita nne, umenyooka kama rula. Usiutembee kwa kuangalia madirisha ya maduka, ingia nyuani. Kila geti lina ua nyuma yake. Namba 3 kuna Pasaż Róży, kuta zote za ua zimebandikwa vipande vidogo vya vioo, maelfu kwa maelfu. Msanii Joanna Rajkowska aliutengeneza baada ya binti yake kuugua saratani ya macho na kutibiwa. Mpwa wangu alikuwa anajitafuta mle, anaona jicho huku, pua kule. Kiwanda cha tajiri Izrael Poznański sasa ni Manufaktura, maduka na sinema ndani ya matofali mekundu, tangu 2006. Dada anapapenda. Mimi nimeona maduka, yanafanana popote. Nilipenda zaidi Księży Młyn, nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha Scheibler, safu kwa safu, bado watu wanaishi na kuanika nguo.

Mahali pamoja usiende kwa haraka ni kituo cha Radegast. Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa mji huu kwenye geto mwaka 1940, watu zaidi ya 200,000 walipitia mle, na kutoka kituo hicho treni ziliwapeleka kuuawa Chełmno na Auschwitz. Mabehewa yapo. Kuna njia ndefu ya zege yenye orodha za majina.

Pia nilikwenda kumsalimia mzee mmoja, rafiki wa baba, mhandisi mstaafu anayekaa Retkinia kwenye magorofa. Alikuja mwishoni mwa miaka ya sabini kwa ufadhili. Wakati ule mwanafunzi wa kigeni alipelekwa kwanza Łódź, kuna chuo cha kufundisha Kipolandi kwa wageni tangu 1952, mwaka mzima lugha, ndipo unagawanywa vyuoni. Alikuwepo Desemba 1981 walipotangaza utawala wa kijeshi. Nyama kwa kadi, foleni kuanzia alfajiri. Anasema kwenye foleni ndipo alipojua Kipolandi cha kweli, cha darasani hakikumsaidia hata kununua sukari. Kiswahili chake ni cha Redio Tanzania enzi zile, safi, hakina "yaani" hata moja. Alinisongea ugali wa unga wa mahindi wa duka la pale, wa njano, akaomba radhi kwa rangi. Mkewe Mpoland ndiye aliyeupika mlenda, aliotesha bamia kwenye kitalu chao cha nje ya mji.

#18 Chuga Mjini

Mlenda wa Mpoland. Dunia imefika mbali.

#19 Bi Shangazi

Nimesoma yote. Sasa mwanangu, binti yangu wa Wrocław naye aende hiyo ofisi ya mkoa aniombee huo mwaliko wa muhuri?

#20 Mzigua wa Handeni

Shangazi hapo kuna jambo. Anayeruhusiwa kuomba ule mwaliko ni raia, au mgeni aliyekaa kihalali miaka mitano mfululizo, au mwenye ukazi wa kudumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hafiki. Usimtume akapange foleni bure.

Wewe ombea kwa nguvu zako mwenyewe: taarifa ya benki, bima, tiketi ya kwenda na kurudi, nafasi ya kulala iliyolipiwa, na ambatanisha barua ya chuo chake, nakala ya kadi yake ya ukazi na cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako. Barua yake ya kawaida aiandike tu, inaeleza unakwenda kwa nani.

#21 Mlanda wa Poznań

Nakazia. Na mabweni mengi yana vyumba vya wageni kwa bei ndogo, binti amuulize msimamizi wa bweni mapema, Septemba vinajaa. Risiti ya hicho chumba ndiyo uambatanishe. Shangazi ukikwama niandikie PM, mke wangu ni wa Wrocław.